Presha Haipimwi kwa Kichwa Kuuma

Mtu akikwambia "leo presha imenipanda", muulize mashine imesoma ngapi. Mara nyingi hakupima. Kichwa kimemgonga, au shingo imemkaza, au amegombana na mtu, basi amefungua kisanduku na kumeza vidonge viwili vya mamake. Siku kichwa kikitulia, na dawa zinaachwa. Sisi tunaopima watu madakani (vibaraza vya mlangoni) na kliniki hapa Lamu, Mkomani mpaka Langoni, Shela na Matondoni, hatujakutana na kosa kubwa kuliko hili, na ndilo linalowafikisha watu kwenye kiharusi na figo kufa.

Presha haiumi. Mtu anaweza kuwa na 190 kwa 110 na akapanda ngazi ya ghorofa mbili akiimba kasida. Kichwa huuma kwa mengine mengi: njaa, kiu, usingizi mchache, macho, homa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani. Hao hawakuwa wakikaa majumbani na vichwa vinauma. Walikuwa sokoni, mashuani, madrasa.

Kwa hiyo tuanze na kupima, maana kipimo kibaya ni kibaya kuliko kutopima. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipopewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, upimaji umetufikia mlangoni, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini daka la nyumba ya mawe lina mitego yake. Mtu ametoka gatini kwa miguu, jua kali, ameketi tu na mkono unadaiwa. Ngoja. Dakika 5 kamili za kukaa kimya. Kama amekunywa kahawa, amevuta sigara au ametafuna mugoka (aina ya miraa), subiri nusu saa, na kwa mugoka subira hiyo ni ya chini kabisa. Kama ana mkojo, aende kwanza. Kibofu kilichojaa peke yake chaweza kupandisha namba ya juu kwa 10 au zaidi.

Kisha mkao. Mgongo uegemee ukuta. Miguu yote miwili ikanyage chini, isipishane, na kama baraza ni refu na miguu inaning'inia, weka kigoda. Mkono uwe juu ya mto au meza, usawa wa moyo, kiganja kikitazama juu. Mkono ulioachwa unaning'inia ubavuni husoma juu kuliko ukweli. Mkanda wa mashine ukae juu ya ngozi, ukingo wake wa chini uwe kama sentimita 2 juu ya kiwiko, na vidole viwili viweze kupita chini yake. Hapa kwa akina mama tunakosea sana: mkanda hufungwa juu ya mkono wa buibui, au mkono wa gauni hukunjwa juu ukabana kama kamba. Yote mawili huharibu kipimo. Mama aingie ndani, apimwe na mwanamke mwenzake, autoe mkono wote nje ya nguo. Na mkono mnene unataka mkanda mkubwa. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya mkono wenye mzingo wa sentimita 22 hadi 32. Ukizidi hapo, mashine itampa presha mtu asiyekuwa nayo.

Asizungumze. Hili ni gumu Lamu, maana aliyeketi barazani hana budi kujibu kila salamu inayopita. Funga mlango. Pima mara mbili, dakika moja au mbili katikati, uandike zote. Mara ya kwanza kabisa pima mikono yote miwili, na baadaye utumie ule uliosoma juu.

Chini ya 120 kwa 80 ni sawa. Kuanzia 140 kwa 90, ikirudi hivyo siku mbili tofauti, hiyo ni presha. Ukipima mwenyewe nyumbani, mpaka ni 135 kwa 85, kwa kuwa nyumbani mtu ametulia zaidi. Ukiona 180 kwa 120 au zaidi, pumzika dakika 5 urudie. Ikibaki hapo na una maumivu ya kifua, pumzi fupi, macho yanayofifia, kuchanganyikiwa au udhaifu wa upande mmoja, huna muda wa kungoja kesho. Ikibaki hapo na huna lolote, bado uende kliniki siku hiyo, lakini usimeze dozi tatu kwa pamoja ili "uishushe". Presha iliyoshushwa ghafla huunyima damu ubongo na figo, na mtu anaweza kupata kiharusi kwa mkono wake mwenyewe.

Bibi mmoja baada ya mwingine hutuambia: "Mwanangu, nimemaliza dawa, nimepona." Tunamjibu, bibi, hiyo namba nzuri uliyosoma leo imeletwa na hicho kidonge. Dawa ya presha haitibu kama dawa ya malaria, inashikilia. Ukiiachia inarudi, wakati mwingine kwa siku chache, wakati mwingine kwa wiki mbili, na hapo ndipo mtu hudanganyika, kwa sababu siku za mwanzo hahisi tofauti yoyote.

Wengi huacha kwa sababu dawa imewasumbua na hawakusema. Basi iseme. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu, na uvimbe huo si ugonjwa wa figo. Enalapili huleta kikohozi kikavu cha kukera, hasa usiku. Ukikohoa wiki baada ya wiki bila makohozi tangu uianze, mwambie daktari, iko losatani inayofanya kazi inayofanana bila kikohozi hicho. Ghafla ukivimba midomo au ulimi baada ya enalapili, acha mara moja ukimbie hospitali. Haidroklorothiazaidi ni ya kukojoza, basi imezwe asubuhi, si usiku. Enalapili na losatani hazifai kwa mwenye mimba wala anayetafuta mimba. Ziko nyingine kwa ajili yake. Na wanaume, tulizungumze bila kuona haya: nguvu zikipungua, mara nyingi ni presha na sukari zenyewe zimeharibu mishipa, lakini ziko dawa chache zinazochangia, na zinaweza kubadilishwa. Mwanamume anayeacha dawa kimya kimya kwa sababu hii huipoteza nguvu ile ile aliyotaka kuiokoa.

Kuna dawa moja ya dukani ambayo tungependa kila nyumba iijue: diklofenaki, na ndugu zake kama ibuprofeni. Hununuliwa kwa maumivu ya magoti na mgongo, hasa na mabaharia na wabeba mizigo. Huzuia chumvi isitoke mwilini, hupandisha presha na huumiza figo, na ukichanganya na enalapili au losatani pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kusimama kwa siku chache tu. Mwenye presha atumie paracetamoli, na amwambie muuza dawa kabla hajafungiwa kitu: "Mimi ni mgonjwa wa presha."

Kwa wanaokaa Pate, Faza au Kizingitini, dawa hukatika kwa sababu ya bahari. Kusi linapovuma kwa nguvu, safari ya mashua huahirishwa, na mtu aliyebakiwa na vidonge vitatu hujikuta wiki nzima hana. Hesabu vidonge vikibaki vya siku 10, si vya siku 2. Omba dawa za miezi miwili au mitatu kama presha yako imetulia. Na usiazime za jirani: jina la ugonjwa ni moja, dawa si moja.

Chumvi. Kiasi cha mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na humo mna kila kitu: mkate, mchuzi, achari. Ng'onda (samaki wa chumvi aliyekaushwa) na papa mkavu ndio wanaotumaliza. Ukitaka kumla, mloweke usiku kucha, mwaga maji mara mbili au tatu, na usitie chumvi nyingine sufuriani. Vidonge vya mchuzi na masala ya paketi ni chumvi kwa jina lingine. Ndimu, ukwaju, pilipili, kitunguu saumu, bizari na dania hufanya kazi yake bila madhara. Na kama maji ya kisima chenu yana ladha ya chumvi, chumvi hiyo inaingia kwenye wali wako hata kabla hujafungua kopo.

Madafu wanauliza kila mara. Kwa mwenye figo nzima, dafu moja halina neno. Lakini lina potasiamu nyingi, na mtu ambaye figo zimeshachoka, au anayetumia enalapili au losatani na kipimo cha figo kimeanza kuharibika, anaweza kusimamishwa moyo na kitu anachokinywa kwa kudhani ni dawa. Huyo amuulize daktari wake kwanza.

Sasa tuje kwenye sukari. Nani apimwe kabla hajaumwa? Yeyote aliyefika miaka 40, mwenye mzazi au ndugu mwenye presha au sukari, mvutaji, mama aliyepata sukari akiwa na mimba au aliyejifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi. Na iko njia ya uzi ambayo haidai mashine. Kata uzi urefu wako sawasawa, kutoka utosini hadi kisigino. Ukunje katikati, ubaki nusu ya urefu wako. Zungusha kiunoni usawa wa kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, mafuta yamekaa ndani ya tumbo, juu ya ini na matumbo, na hayo ndiyo yanayoifanya insulini ishindwe kazi, hata kama mikono na miguu ni myembamba. Watu wembamba wenye kitambi tunawakuta na sukari kila wiki.

Sukari, tofauti na presha, hujitangaza, lakini ikichelewa: kiu isiyokatika, kuamka kukojoa usiku mara tatu nne, kupungua mwili huku unakula, macho yenye ukungu, muwasho sehemu za siri unaorudi kila ukitibiwa, kidonda kisichofunga. Sisimizi kukusanyika penye mkojo, wazee waliijua dalili hii kabla ya maabara. Kwa namba: ukiwa hujala usiku kucha, 7.0 (milimoli kwa lita, ndicho kipimo cha namba zote za sukari humu) na zaidi ni kisukari. Wakati wowote ukiwa na dalili, 11.1 na zaidi. Na kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa miezi 3, asilimia 6.5 na zaidi. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine kabla ya kupewa jina la ugonjwa.

Mashine ya kidole nayo hudanganya. Mtu amemenya embe au amekula tende, kidole kinanata, tone la damu linachanganyika na sukari ya ngozini, mashine inasema 16. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, choma ubavuni mwa ncha ya kidole na si katikati, usikamue kwa nguvu. Kama hakuna maji, futa tone la kwanza, tumia la pili. Stripu, vile vipande vya kupimia, zinaharibiwa na unyevu, na hapa kwetu hewa ya bahari ni unyevu mtupu: toa moja, funga kifuniko papo hapo, usizihamishie kwenye karatasi wala kuziweka jikoni. Sindano ya kuchomea haiazimwi, hata kwa mume na mke, kwa sababu ya homa ya ini.

Chakula ndipo penye vita, maana hatuli sahani, tunakula sinia. Mtu hawezi kujua amekula wali kiasi gani akiwa anachota mbele yake na wenziwe wanamsogezea. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa karibu gramu 45, na mtu mzima sinia moja ya biriani humaliza vikombe vitatu bila kuhisi. Tumeona nyumba zikifaulu kwa njia mbili. Ya kwanza, mgonjwa hupakuliwa sahani yake lakini huketi na wenziwe mkekani. Si kumtenga, maana anayetengwa huiba usiku. Sahani yake nusu iwe mboga na kachumbari, robo samaki au kunde au mbaazi, robo wali. Ya pili, kwa asiyetaka sahani, aanze na samaki na mboga mpaka amalize, ndipo aguse wali. Wanga ukija mwisho, sukari hupanda polepole zaidi. Mkate wa mofa, ukiwa wa mtama kamili na mdogo, una nafuu kuliko mahamri, lakini nao ni wanga, uhesabiwe.

Kahawa chungu haina neno. Kinachokuja nayo ndicho chenye neno: halua, na tende tano sita huku mazungumzo yananoga. Soda ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko 8 vya chai, na juisi ya embe au mabungo ya kutiwa sukari haiko nyuma. Tui zito halipandishi sukari kama wali unavyopandisha, ila lina mafuta mazito. Kwa siku za kawaida tumia tui la pili, la kwanza liache kwa Ijumaa.

Kutembea tunako, magari hatuna. Lakini tusijidanganye, kuna akina mama wasiotoka wiki nzima na vijana wanaopanda boti kwenda hatua mia tano. Dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, za mwendo unaokufanya uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3. Maji yakipwa, baada ya alasiri jua likilegea, kundi la wanawake wanne watano wanaweza kwenda na kurudi bila mtu kuona ajabu. Asiyeweza kutoka, atembee dakika 15 ndani ya kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) au juu ya dari kila baada ya chakula. Misuli inayofanya kazi baada ya kula huchota sukari hiyo hiyo iliyoingia.

Metfomini, kidonge cha sukari, huanza kwa miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, wiki moja, kisha hupandishwa. Anayeimeza tumbo tupu huendesha na kuiacha. Ni dawa nzuri, na peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Zinazoshusha ni glibenklamidi, gliklazaidi na insulini. Sukari ikiwa chini ya 4.0 mtu hutetemeka, hutoka jasho baridi, moyo humwenda mbio, huwa mkali bila sababu, kisha hulewalewa. Mpe vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji. Ngoja dakika 15, pima tena. Bado iko chini? Rudia. Ikipanda, ale kitu kama kipande cha mkate au ndizi, la sivyo itashuka tena. Chokoleti na halua si dawa hapa, mafuta yake huichelewesha sukari. Aliyezimia usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mpake asali kidogo ndani ya shavu, na kimbia naye.

Na hulba, habasoda, mlonge? Hatumkatazi mtu chakula cha wazazi wake. Hulba kweli yaweza kushusha sukari, na hiyo ndiyo sababu usiinywe kwa vikombe juu ya gliklazaidi bila kumwambia nesi. Tunachokataa ni mtu kuacha insulini kwa ajili ya chupa isiyo na jina aliyouziwa kwa maelfu. Mtoto mwenye kisukari cha utotoni akikosa insulini siku mbili tatu, yuko hatarini kufa.

Ramadhani inataka maandalizi, na yanaanza Rajabu, si usiku wa mwandamo. Wiki 6 hadi 8 kabla, nenda kliniki uulize mambo mawili: nifunge, na nikifunga dawa zipangweje. Wasiofaa kufunga ni mwenye figo mbovu, mjamzito anayetumia insulini, aliyezimia kwa sukari miezi ya karibuni, na wengi wa wanaotumia insulini tangu utotoni. Mashekhe wetu wanalielewa hili vizuri, na mgonjwa ana ruhusa yake katika Qurani.

Anayefunga, kwa kawaida metfomini ya mara mbili huenda futari na daku bila kupunguzwa. Gliklazaidi ya mara moja huhamia futari. Ikiwa ni mara mbili, ya daku hupunguzwa. Anayetumia glibenklamidi aombe kubadilishiwa, hiyo ndiyo inayowaangusha watu saa za alasiri. Insulini ya mchanganyiko: dozi kubwa ya asubuhi huhamia futari, na ya jioni hupunguzwa, mara nyingi nusu, ipigwe daku, hesabu hiyo aifanye daktari na si jirani. Dawa ya kukojoza ihamie futari, maana kuimeza daku ni kukaushwa mchana kutwa. Tunafunga kama saa 13 na nusu, kwenye joto letu.

Daku usiilale. Ile chelewa, karibu na alfajiri, kitu kinachodumu tumboni: kunde, mayai, mtama, mboga, na maji glasi mbili tatu. Aliyekula saa 5 za usiku akalala, huyo mchana ataanguka. Pima sukari saa 4 asubuhi, adhuhuri, na saa 9 alasiri. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba tone la kidole halifunguzi. Ikiwa chini ya 3.9, fungua hapo hapo, hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi. Hiyo nusu saa ya mwisho imewamaliza watu. Ikizidi 16.6, fungua pia, unywe maji, utafute kliniki. Futari ianze kwa maji na tende moja, au mbili ndogo, swali, kisha ule. Kaimati, vibibi na uji mtamu si vya kila usiku, na viazi vitamu na mihogo ya nazi pamoja na wali ni wanga juu ya wanga.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mlangoni au rafu ya kati, kamwe si karibu na barafu. Iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka. Inayotumika hukaa nje wiki 4, penye kivuli, chini ya nyuzi 30. Umeme ukikatika au friji ikikosekana, vyungu viwili vya udongo, kimoja ndani ya kingine, mchanga mbichi katikati, kitambaa kibichi juu, vikae kwenye uvuli unaopitisha upepo. Unyevu wetu huvipunguzia nguvu, lakini huteremsha nyuzi chache, na hizo chache zina maana. Safarini mashuani, tia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, imefungwa kitambaa, na barafu isiiguse chupa ya dawa. Insulini nyeupe kama maziwa uizungushe viganjani mara 20, usiitikise. Ukiona mabonge, au chembe zimeganda ukutani mwa chupa, tupa. Badilisha mahali pa kuchoma kila siku, umbali wa vidole viwili. Anayechoma pale pale kwa sababu hapaumi hutoka uvimbe laini, na dawa iliyoingia humo hutoka inapotaka. Leo sukari 18, kesho 3, na daktari anapandisha dozi bila kujua.

Mdomo ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu, maneno yakivurugika, hapa kwetu bado husemwa amepigwa na upepo, au jini. Dua isomwe njiani. Kiharusi ni mshipa wa ubongo ulioziba au kupasuka, na kila dakika inakufa sehemu. Angalia saa, uandike alipoonekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu daktari atauliza hilo kwanza. Usimpe maji wala uji, atapaliwa. Usimpe aspirini, kwani hujui kama ni kuziba au kupasuka. Usimpe dawa za presha za ziada. Mlaze ubavu, pima sukari, maana iliyoshuka huiga kiharusi, na utafute boti.

Miguu ya mwenye sukari hufa ganzi kwanza, ndipo shida zije. Kipande cha ganda la chaza, mwiba, mchanga wa Shela wenye jua la saa 7, kaa la jiko, yote yanaingia na mtu hana habari. Osha kila usiku kwa maji ya kawaida, yajaribiwe kwa kiwiko na si kwa mguu. Kausha katikati ya vidole, paka mafuta kote isipokuwa hapo katikati. Angalia nyayo kwa kioo, au mtoto akuangalie. Akina mama, hina iliyokolea nyayoni huficha wekundu wa mwanzo. Pakeni mikononi, na nyayo ziachwe wazi. Kidonda hata kidogo, nenda kliniki siku hiyo au kesho yake, usikitie majivu wala dawa ya meno. Ndara za kubana kidole zinachubua katikati ya vidole, na mguu wenye ganzi hauzihisi zikichomoka. Tafuta kiatu cha kufunika mbele, chenye mkanda nyuma. Kinunue jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo. Ingiza mkono ndani kabla ya kuvaa kila mara, kutafuta kijiwe. Wiki ya kwanza kivae saa mbili tu kwa siku, kisha uvue, utazame kama kimeacha alama nyekundu.